Risala ya wazazi wa watoto wa kitengo cha elimu maalumu kwa mgeni rasmi, Tabora

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi wenzetu na watoto wetu, salaam.

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Ulipoingia getini ulimpita mtoto ameketi chini ya mwembe, anapanga kokwa za maembe kuanzia kubwa hadi ndogo. Hakukuamkia. Usimhesabie utovu wa adabu, hata sisi hatuamkii. Ukiondoa kokwa moja ya katikati atajua, na atalia mpaka irudi. Ana usonji, ule uitwao autism kwa Kiingereza. Mama yake ndiye mimi ninayesoma.

Kikundi chetu kilianza na akina mama wanne tulioulizwa ukweni swali lilelile: "Mimba hii ulikula nini? Ulimkosea nani?" Mmoja wetu alirudishwa kwao na kitenge alichovaa. Ndiyo maana tukataka kujua sayansi inasema nini juu ya chanzo.

Aliyetufungua macho ni baba mmoja wa kikundi, mfugaji wa nyuki Sikonge. Malkia na nyuki mfanyakazi, alisema, hutoka kwenye mayai ya aina moja. Buu linalolishwa chakula cha kimalkia mpaka mwisho huwa malkia. Lingine huwa mfanyakazi. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walizima, ndani ya mabuu, kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kemikali mwilini) kinachobandika alama ndogo za kemikali ziitwazo methili juu ya vinasaba, yaani jeni, alama zinazosaidia kuzifungua au kuzifunga. Wengi wakatoka malkia. Hiyo ndiyo epijenetiki: elimu ya jeni ipi imefunguliwa na ipi imefungwa, ilhali jeni zenyewe ni zilezile.

Kwenye ubongo wa mtoto, mfano ulio wazi ni ugonjwa wa Rett, unaowapata zaidi watoto wa kike. Binti anakua vizuri, kisha kati ya miezi 6 na 18 anaanza kupoteza maneno aliyoyajua, mikono inabaki kujisokota kama ya mtu anayefua. Mwaka 1999 maabara ya Dkt. Huda Zoghbi, Houston nchini Marekani, iligundua hitilafu kwenye jeni ya MECP2, ambayo protini yake husoma zile alama za methili. Mara nyingi hitilafu hiyo ni mpya, haikurithiwa, na huanzia kwenye mbegu ya baba. (Akina baba msiondoke, nanyi hamna kosa.) Mwaka 2007 Adrian Bird na wenzake wa Edinburgh waliiwasha tena jeni hiyo kwa panya waliokwisha kuugua, wakapata nafuu kubwa. Panya ni panya, lakini siku tuliposimuliwa hayo tulipiga vigelegele.

Kwa usonji mambo hayajanyooka hivyo. Jeni zinazohusishwa nao ni mamia. Watafiti wengi wanaotafuta alama za methili hupima damu au mate, wakati shughuli yenyewe iko kwenye ubongo wa mtoto aliye hai, ambao haukatwi kipande. Na alama ikionekana, bado ni kazi kujua kama imeleta hali hiyo au imeletwa nayo. Hofu yetu ni kwamba "ulikula nini" ya mama mkwe isije ikarudi imevaa koti jeupe.

Liko jambo moja ambalo ushahidi wake ni mzito: valproeti, dawa ya kifafa. Ikitumiwa wakati wa ujauzito huongeza uwezekano wa mtoto kupata usonji na matatizo ya kujifunza. Tunaomba wasichana wanaochukua dawa za kifafa kwenye vituo vyetu waelezwe hilo mapema, kabla ya mimba, na daktari awatafutie nyingine inayowafaa. Wasiache dawa wenyewe, maana kifafa nacho huua.

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Mwalimu wa kitengo ni mmoja, na akiugua watoto hurudi nyumbani. Tunaomba wa pili. Tunaomba na uzio, kwani watoto wetu hutoroka na reli iko karibu. Tofali tumeshafyatua wenyewe. Zile ulizoziona nyuma ya choo ndizo. Tunachopungukiwa ni saruji, nondo na fundi.

Ukitoka, tafadhali pita upande wa kushoto wa mwembe. Kulia kuna kokwa.

Tunaomba kuwasilisha.