YAH: Malalamiko kuhusu skrubu mbili zisizolingana katika seti ya mashine ya kuchonga

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Nawaandikia kwa mara ya nne. Mara tatu za mwanzo nilituma ujumbe mfupi, na mara zote tatu nikajibiwa kwamba nibadilishe mipangilio ya programu. Safari hii naomba barua isomwe na mtu anayeijua mashine yenyewe, kwa sababu kasoro ninayoilalamikia iko kwenye chuma, na chuma hakirekebishwi kwa kubonyeza kompyuta.

Nilinunua kwenu seti ya vipande vya kujiundia mashine ndogo ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta: fremu ya alumini, reli, mota nne za stepa (zinazozunguka hatua kwa hatua), bodi ya kuziongoza na skrubu nne ndefu za kuendeshea. Mimi si fundi mitambo. Naunda mifano ya merikebu za tanga kwa kujifurahisha tu, na kwa miaka mingi mataruma yake, yaani mbavu za merikebu, nimeyakata kwa msumeno wa mkono na kuyamalizia kwa msasa. Aliyewahi kuifanya kazi hiyo anajua: ukilipunguza taruma hili, lile linazidi, ukilifuata lile, hili limeshapungua, hadi merikebu inakaa mezani kama iliyokwisha kugonga mwamba. Nilichotaka ni mataruma 24 ya plaiwudi ya milimita 3, yaliyokatwa sawasawa. Basi.

Kuifunga mashine kulinichukua jioni tisa. Skrubu ndogo sita hazikuwemo kwenye boksi, nikajinunulia, hizo sizidai. Na niseme la haki: reli za mhimili wa X ni nzuri sana, zinateleza bila hata mkwaruzo.

Mambo yaliharibika siku ya kuiwasha. Daraja, yaani sehemu inayopita juu ya meza na kubeba mota ya kisu, linasukumwa na skrubu mbili, moja kila upande, na mota zake mbili hupokea amri ileile kwa wakati uleule. Niliagiza lisogee milimita 10. Upande wa kulia ukaondoka. Wa kushoto ukawa unajikongoja. Daraja likaenda upogo, mota ikaanza kunguruma, na kabla mkono wangu haujafika kwenye kitufe chekundu nikasikia mlio mkavu: kishikizo cha plastiki kinachobeba nati ya kulia kimepasuka katikati.

Nikajua nimekosea mimi. Nikafungua kila kitu, nikaweka guni la kupimia pembe kwenye kila kona ya fremu, nikakaza upya. Nikapima skrubu zote mbili: unene ni milimita 8, huku na huku. Nikahesabu meno kwa rula: matano kwa kila sentimita, huku na huku. Nililala usiku ule nikijilaumu.

Kesho yake nikatia alama ya kalamu kwenye nati, nikaizungusha mzunguko mmoja kamili, nikapima kwa kalipa. Nati ya kulia ilisafiri milimita 8. Ya kushoto, milimita 2. Nikarudia mara tano, majibu yakawa yaleyale. Ndipo nikazitazama ncha za skrubu kwa lenzi. Ya kulia ina nyuzi nne zinazojiviringisha pamoja, kwa hiyo kila mzunguko inaruka meno manne. Ya kushoto ina uzi mmoja tu, inasogea jino moja kwa mzunguko. Ukizilaza mezani ni mapacha, hata rula haizitofautishi. Kila moja ilikuja na nati yake imeshavishwa, kwa hiyo hakuna kilichogoma kuingia nikashtuka mapema. Na mifuko yote miwili imeandikwa kwamba skrubu ni ya milimita 8 kwa mzunguko.

Sasa turudi kwenye ushauri wenu wa mipangilio. Mota hizi hupiga hatua 200 kwa mzunguko, na bodi imewekwa kuigawa kila hatua mara 8, kwa hiyo ni hatua ndogo 1,600. Skrubu ya kulia inahitaji hatua ndogo 200 kwa kila milimita. Ya kushoto inahitaji 800. Zote mbili zinasoma namba moja. Nikiandika 200, kulia kutakwenda milimita 10 na kushoto 2.5. Nikiandika 800, kushoto kutakwenda 10 na kulia 40, na hapo sitavunja plastiki tu. Hakuna namba katikati itakayozipatanisha. Haya yote niliyaeleza kwenye ujumbe wa pili, pamoja na picha. Jibu la ujumbe wa tatu likarudia ushauri uleule na kuongeza kwamba tatizo langu “limetatuliwa”. Nani kalitatua, na kwa lipi, sikuambiwa.

Naomba mniletee skrubu moja ya milimita 8 kwa mzunguko pamoja na nati yake, na vishikizo viwili vya plastiki, kwa maana cha kushoto nacho kimeanza kuonyesha ufa. Gharama ya kusafirisha iwe juu yenu, na ile skrubu isiyo yake mwichukue. Vilevile hilo neno “limetatuliwa” lifutwe mpaka litatuliwe. Nikikaa siku 14 tangu mpokee barua hii bila kuona mzigo wala jibu la maana, nitaifungua mashine nzima, niirudishe ndani ya boksi lake na kudai fedha zangu zote.

Nina ombi moja dogo kwa atakayefunga mzigo huo. Asiamini maandishi ya mfuko. Aizungushe nati mara moja hapohapo stoo, apime imesogea kiasi gani. Ni kazi ya nusu dakika.

Mteja wenu.

Viambatisho: risiti, picha za ncha za skrubu zote mbili, picha ya mifuko na maandishi yake, na video ya nati zikizungushwa.