Atomu si mfumo mdogo wa jua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe jambo lililochapishwa katika ukurasa wa sayansi wiki iliyopita. Makala ile ilieleza kwamba elektroni huzunguka kiini cha atomu kama sayari zinavyolizunguka jua, kisha ikaongeza kuwa kinachozizuia zisitawanyike ni uvutano uleule unaoishikilia dunia katika njia yake. Dai la kwanza linatokana na mchoro wa zamani ambao bado umo vichwani mwa wengi wetu, na ningeweza kulivumilia. La pili siwezi kulinyamazia, kwa sababu mimi hufundisha fizikia, na Jumatatu asubuhi wanafunzi wawili wa kidato cha tatu waliniletea gazeti hilo wakitaka kujua nani anasema kweli, mwandishi au mwalimu wao.

Uvutano hauna kazi ya maana ndani ya atomu. Katika atomu ya haidrojeni, yenye protoni moja na elektroni moja, mvutano wa umeme kati ya chaji chanya na chaji hasi unauzidi uvutano uliopo kati ya chembe hizo kwa mara zinazoandikwa kwa tarakimu 2 ikifuatwa na sifuri 39. Namba hiyo haishikiki akilini, kwa hiyo sikuanza kwa kuiandika ubaoni. Nilichukua kitana cha plastiki, nikakisugua kwenye sweta, nikakishusha taratibu juu ya vipande vidogo vya karatasi vilivyokuwa mezani, navyo vikaruka na kunasa. Dunia nzima, pamoja na milima na bahari zake, ilikuwa ikivivuta vipande vile kwenda chini, lakini chaji kidogo zilizobaki kwenye kitana zikavinyanyua. Uvutano tunauona mkubwa kwa sababu kila kitu huuongeza na hakuna kinachoufuta, ilhali chaji chanya na hasi zilizomo ndani ya vitu karibu zote hubatilishana.

Kuhusu sayari, ni kweli kwamba Ernest Rutherford, huko Manchester mwaka 1911, alitambua kuwa atomu ina kiini kidogo chenye chaji chanya, baada ya Hans Geiger na Ernest Marsden kurusha chembe za alfa, ambazo ni chembe ndogo zenye chaji chanya, kwenye bamba jembamba la dhahabu na kuona chache zikirudi nyuma. Lakini chembe yenye chaji inapozunguka hupoteza nishati kwa kutoa mawimbi, na kwa hesabu hiyo elektroni ingedondokea ndani ya kiini kabla haijapita hata sehemu moja ya bilioni kumi ya sekunde. Niels Bohr alijaribu kuuokoa mchoro huo mwaka 1913, na mlinganyo wa Erwin Schrödinger wa mwaka 1926 ukauondoa kabisa. Tangu hapo tunasema kwamba elektroni haina njia inayoweza kuchorwa kwa mstari. Tunachoweza kukokotoa ni mahali inapoelekea zaidi kupatikana, na mahali hapo pamekaa kama wingu linalofifia kadiri unavyokwenda mbali na kiini.

Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba makala ilikipita kiini kwa sentensi moja, wakati swali gumu kuliko yote limo humo. Kiini cha urani kina protoni 92, zote zenye chaji chanya, zilizosongamana mahali padogo mno, ambapo hazina budi kusukumana kwa nguvu kubwa. Kwa nini basi hazitawanyiki? Zinashikwa na kani, yaani nguvu, iitwayo kani kali ya nyuklia, ambayo kwa umbali ule ni takriban mara 100 ya kani ya umeme, ila haifiki mbali: hushika jirani na jirani tu, kama watu walioshikana mikono, ilhali msukumano wa umeme huvuka kiini kizima. Nyutroni, chembe zisizo na chaji alizozigundua James Chadwick mwaka 1932, huongeza kushikana bila kuongeza msukumano, na ndiyo maana urani ya kawaida inazo 146. Hata hivyo hazitoshi. Viini vyote vyenye protoni nyingi kuliko 82 za metali ya risasi hatimaye huvunjika, ikiwamo urani iliyo ardhini huko Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, ambayo imekuwa ikipungua polepole tangu kabla hajaishi mtu wa kuichimba.

Baada ya uvutano, kani ya umeme na kani kali, iko kani ya nne, ile dhaifu, nayo haikutajwa kabisa. Mmoja wa wanafunzi wangu aliuliza kwa nini iitwe kani ikiwa hatuioni ikivuta wala kusukuma, na swali lake ni zuri, kwa sababu kazi yake kubwa ni kugeuza. Ndani ya ndizi mna potasiamu, na katika kila atomu 100,000 za potasiamu takriban 12 zina viini visivyotulia: mara nyingi nyutroni moja hugeuka kuwa protoni, na elektroni ambayo haikuwamo ndani ya kiini huzaliwa papo hapo na kuruka nje. Kani hiyohiyo ndiyo inayowezesha hatua ya kwanza ya kuungana kwa protoni ndani ya jua, na kwa kuwa hatua hiyo hutokea kwa nadra sana, jua limewaka kwa takriban miaka bilioni 4.6 bila kuteketea.

Naomba basi toleo lijalo lichapishe masahihisho pamoja na mchoro mwingine wa atomu ya haidrojeni, wenye wingu badala ya duara. Kipenyo cha atomu hiyo ni takriban mara 60,000 ya kipenyo cha protoni, kana kwamba umeweka punje ya ulezi katikati ya uwanja wa mpira na ukingo wa wingu ukafika magolini. Kwa hiyo, kama mchoro utakuwa na upana wa sentimita sita, kiini kitapaswa kuwa na upana wa sehemu moja ya elfu ya milimita, na nukta yoyote ya wino itakuwa kubwa kupita kiasi. Wanafunzi wale wawili wameshauchora kwa penseli, katikati wakapaacha patupu na kuandika pembeni kwamba kiini kipo hapo. Nimeuambatanisha na barua hii.

Mwalimu wa fizikia,
Njombe.