Barua kwa mdogo wangu msuka mikeka

Mdogo wangu,

Sauti uliyonitumia juzi nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa naopoa ukindu, majani ya kusukia, kwenye sufuria ya rangi, nikasikia nusu. Mara ya pili nilikaa kitako. Ulipofika pale pa kusema, "Dada, nani atasoma maneno ya mtu asiyeona, tena ya mikeka?" niliizima simu, kwa sababu swali hilo nimelala nalo miaka mingi, tangu presha ya macho iliponila pembeni kwanza, kisha ikanimaliza katikati. Nakujibu mbele za watu kwa kuwa najua wapo wengine wanaojiuliza hivyohivyo na hawana dada wa kumtumia sauti.

Siku niliyotaka kujisajili ili nianze kuandika habari za kazi yangu mtandaoni, niliambiwa nithibitishe kuwa mimi ni binadamu. Nichague picha zenye taa za barabarani. TalkBack, kisomaji cha simu kinachonisomea kwa sauti vilivyo kwenye kioo, ikanisomea: kitufe, kitufe, kitufe. Basi. Hakuna kilichokuwa na jina. Nilimwita mtoto wa jirani anibonyezee, na alipoondoka nililia, maana nilijiona nimeomba kushikwa mkono kuingia dukani kwangu mwenyewe. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kuwa kasoro ilikuwa ya mlango. Mtu aliyeujenga hakunifikiria, basi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ni wa mwaka 2006, na Tanzania iliuridhia 2009. Ibara ya 9 inataja habari na mawasiliano, intaneti ikiwemo. Nakwambia haya ili siku ukikwama usianze kwa kujilaumu. Tafuta kwanza alama ya kusikiliza badala ya kutazama. Mara nyingi huwa ipo pembeni, ingawa sauti yake ina kelele. Ikishindikana, waandikie wenye mtandao huo uwaambie.

Sasa nije kwenye hofu yako yenyewe, kwamba huna cha kusema.

Makala yangu ya kwanza ilikuwa picha tatu na maneno haya: "Mikeka mizuri, bei nafuu, karibuni." Hakuna aliyepiga ila mama mmoja. Akaniuliza: huo wa kijani ni msala wa kuswalia au wa kulalia? Rangi inachuja ukifuliwa? Pindo lake limeshonwa vipi? Nikauchukua ule mkeka, nikauweka mapajani, nikaanza kumweleza huku vidole vikipita juu yake. Chane zake, yaani majani yaliyochanwa, ni nyembamba kiasi gani, ukili, ule ukanda uliosukwa, una upana wa vidole vitatu, shazia, sindano ya kushonea, imepita wapi, rangi nimeichemsha na ukindu kwa muda gani. Akanunua wawili. Nilipokata simu ndipo nilipojua kwamba makala niliyotakiwa kuandika nilikuwa nimeshaisema, nikaiacha ipotee hewani.

Picha haisemi hayo, mdogo wangu. Mwenye macho akitazama picha ya mkeka kwenye simu hajui kama ni laini au unakwaruza, hajui kama unatosha watu wawili. Wewe unajua kwa kupapasa. Ndiyo maana nasema kazi hii ni yako kuliko ya mtu mwingine yeyote ninayemfahamu.

Na hapo ndipo mambo mawili yanapokutana. Kila picha unayoweka ina sehemu ya kuandikia maelezo yake. Ukiiacha tupu, asiyeona mwenzetu atasomewa namba za faili tu, au "picha" halafu kimya. Usiandike "mkeka". Andika: "Mkeka wa ukindu wa kulalia watu wawili, mistari ya zambarau na kijani, pindo limekunjwa na kushonwa mara mbili." Utanambia, rangi nitazijuaje? Fanya kama mimi: ukitoa ukindu kwenye sufuria, funga kila tita kwa uzi, fundo moja zambarau, mafundo mawili kijani, matatu nyekundu. Vipimo pia hivyohivyo, kamba yenye fundo kila nusu mita. Kupiga picha, weka kiwiko katikati ya mkeka, simu mkononi, kisha inua mkono wima mpaka juu.

Kuna jambo dogo lililonitesa sana, nalisema ili likupite. Kwenye mipangilio ya ukurasa huwa pana mahali pa kuchagua lugha. Pakibaki Kiingereza, kisomaji huweza kuyachukua maneno yetu kwa matamshi ya Kizungu, na "ng'ambo" inakuwa kitu ambacho hata mimi niliyekiandika sikitambui. Weka Kiswahili, alama yake ni sw. Kwenye kompyuta natumia kisomaji kiitwacho NVDA, ni ya bure, imeanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, naye haoni, na sauti ya Kiswahili imo. Nikibonyeza H naruka kutoka kichwa kimoja cha habari hadi kingine. Kwa hiyo vichwa vyako viweke kama vichwa kweli, usikoleze tu maandishi.

Umesema pia Kiswahili chako ni cha Pemba na hukusoma sana. Hili limeniuma. Nani alikufundisha tofauti ya jamvi na busati, kitanga na kawa ya kufunikia chakula? Bibi, barazani, na hakuwa na cheti. Wanunuzi wengi wa mjini hawana maneno hayo tena, wanaita kila kitu mkeka. Wakiyapata kwako watajua wanazungumza na msukaji.

Mimi siandiki kwa kuchapa. Nasema, simu inaandika. Haijui "ukindu" wala "ukili", huniwekea maneno mengine, nami narudi kusahihisha herufi moja moja. Kisha naisikiliza yote. Sentensi inayonichosha kusikiliza naikata. Zipo siku bado naifuta yote na kulala. Asubuhi naanza tena na kitu kimoja tu, kile kilichopo mkononi wakati huo.

Ile kawa uliyosema umeimaliza juzi, usiiuze kwanza. Ishike, useme jinsi ulivyoianza pale juu kileleni, maana mimi sijawahi kupajulia. Unitumie. Nitaisikiliza leo usiku baada ya isha.

Dada yako