Lumbesa inalelewa kwenye geti la ushuru: barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,
Mbeya.

Yah: Ushuru wa viazi utozwe kwa kilo, si kwa gunia

Mheshimiwa, salaam, na pole na majukumu.

Marufuku ya lumbesa, yaani gunia linaloongezewa mzigo juu ya mdomo wake, imetangazwa mara nyingi hata mtu ameacha kuhesabu. Maofisa husimama barabarani siku chache, magunia hufunguliwa, mkulima huambiwa afungashe upya, kisha mambo hurudi palepale. Sheria ipo: Sheria ya Vipimo, Sura 340, na kanuni zake, gunia la mazao lisizidi kilo 100. Kinachoishinda ni hesabu ya gharama, na hesabu hiyo halmashauri zetu zenyewe zinaipa nguvu.

Asiyewahi kufika shambani huko Kikondo au Umalila huenda anadhani lumbesa ni gunia lililojaa sana. Sivyo. Gunia likishajaa, mdomo haufungwi. Unaongezewa wavu au kipande cha gunia jingine, viazi vinapangwa mpaka vinasimama kama kichuguu, ndipo vinashonewa kwa kamba. Tuchukue gunia la kilo 140, maana hayo si ya kutafuta. Bei ya gunia ikiwa shilingi 70,000, mkulima anadhani kauza kilo kwa 700, kumbe kauza kwa 500. Katika kila magunia matano ametoa kilo 200 za bure, yaani magunia mawili halali. Mbegu, mbolea na dawa ya ukungu ya hizo kilo 200 alizilipia yeye.

Kwa nini mnunuzi hakubali gunia la kilo 100? Watu husema ni tamaa, na tamaa ipo, lakini tazama analipaje. Nauli ya lori huhesabiwa kwa gunia. Kuli hulipwa kwa gunia. Dalali vilevile. Akifika getini, ushuru nao unahesabiwa kwa gunia. Kila mkono unaomdai unahesabu vichwa vya magunia, hivyo kila kilo anayoiongeza juu inasafiri bure. Kwa utaratibu huo hata sisi tungeshona lumbesa.

Na halmashauri inapunjwa pamoja na mkulima. Fuso iliyobeba magunia 70 ya kilo 140 ina kilo 9,800, sawa na magunia 98 ya halali. Mashine ya ushuru inasoma 70. Ushuru wa magunia 28 umepita getini mchana kweupe, na risiti imetolewa.

Linalotushangaza zaidi ni hili. Lori hilohilo likishika barabara ya Dar es Salaam linapandishwa kwenye mizani Makambako, kisha Wenda kule Iringa, na uzito wa kila ekseli unajulikana. Lami inalindwa kwa mizani. Jasho la mkulima linapimwa kwa macho.

Tunachoomba si operesheni nyingine. Tunaomba mashine za ushuru zibadilishwe zisome kilo, na viazi vipimwe kabla ya kupakiwa, kwenye vituo vya kuuzia. Kilo zikiandikwa kwenye risiti ya kituo, getini ni kukagua risiti tu. Ushuru ukishakuwa wa kilo, mnunuzi hana anachookoa getini kwa kushona kichuguu, na mwenye lori, akiiona karatasi yenye kilo, naye ataanza kudai nauli yake kwa kilo. Hapo lumbesa inakufa bila kukimbizwa na mtu.

Vituo vyenyewe visiharakishwe, maana huko ndiko mambo huharibika. Mizani ya jukwaa ikae juu ya sakafu ya zege iliyosawazishwa. Ikiwekwa kwenye udongo wa mteremko inadanganya. Iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo na ina stika ya mwaka huo. Kila asubuhi isomeke sifuri, kisha upandishwe mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Huo si uhakiki wa kisheria, lakini mizani yenye hila au betri iliyochoka itaumbuka hapohapo. Mizani ya kuning'iniza ya mnunuzi isikubalike kabisa: springi ikilegea au ikichezewa, mkulima hawezi kujua. Na kioo cha namba kitazame upande wa muuzaji pia. Ni jambo dogo, lakini likiachwa kila kitu kinarudi kwenye maneno ya mtu mmoja.

Wanunuzi nao wana hoja moja ya haki. Viazi vilivyochimbwa kwenye mvua hubeba matope, na matope yana uzito. Basi vianikwe kivulini vikauke, vipukutwe udongo, vilivyokatwa na jembe vitengwe, ndipo vipimwe. Juani visiwekwe, vitageuka kijani na kukataliwa.

Muda ni kikwazo cha kweli. Gunia moja likichukua dakika mbili, magunia 100 ni saa tatu na dakika ishirini. Ziwepo mizani mbili, na magunia yawe ya kilo 50. Hilo litawafaa makuli pia: Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataka mwanamume mzima asibebe mzigo unaozidi kilo 55. Lumbesa ya kilo 140 inapanda lorini kwa mgongo wa kijana mmoja.

Mbeya ikianza peke yake itaumia. Kiazi hakisubiri, mkulima hana ghala la baridi, na mnunuzi akikataliwa Isyonje, huku kwetu Mbeya, atateremka Makete au Njombe jioni hiyohiyo. Kwa hiyo tunakuomba ukae na wenzako wa Njombe, Iringa na Songwe, mchague tarehe moja.

Hatudai kwamba mizani itapandisha bei. Bei ya gunia huenda ikashuka kidogo mwanzoni. Ila mkulima atajua ameuza nini, na ataweza kulinganisha na bei ya kilo sokoni Dar es Salaam. Parachichi la Rungwe linaloliwa Ulaya hununuliwa kwa kilo, kwa sababu mnunuzi wa kule hakubali kukadiria. Kiazi cha mkulima jirani anayelisha Dar es Salaam kinakadiriwa. Umoja wa Mataifa uliweka kupunguza ukosefu wa usawa kuwa lengo la 10 la Maendeleo Endelevu mwaka 2015, na mikutano juu yake haikauki. Huku kwetu sehemu kubwa ya pengo hilo imeshonewa juu ya gunia.

Kwa kuanzia, Isyonje panatosha: sakafu ya zege, paa la bati, mizani mbili, mashine moja ya ushuru inayosoma kilo, na ofisa wa vipimo siku za mzigo mkubwa. Tuko tayari kuchanga mawe na mchanga.

Ni sisi,
Wakulima wa viazi na wapima mazao,
Tarafa ya Tembela, Mbeya.