Rehema, anzia kwa wazazi wanaofanana

Rehema mpenzi,

Salamu nyingi. Nimeyaona majibu yako ya maswali ya michoro ya ukoo. Mraba wa mwanamume, duara la mwanamke, namba za Kirumi za vizazi, hayo yote unayajua. Unapokwama ni kwenye swali la "sifa hii inarithiwaje?", kwa sababu unahesabu maumbo yaliyotiwa wino, yaani watu wenye sifa hiyo: yakiwa mengi unaandika jeni tawala (inayojionyesha hata ikiwa nakala moja), yakiwa machache unaandika jeni fiche (inayofunikwa na ile tawala). Watoto wanne ni wachache mno kwa hesabu hiyo.

Tafuta wazazi wawili wanaofanana waliozaa mtoto asiyefanana nao. Wazazi wote hawana wino, mtoto anao: jeni ya sifa hiyo ni fiche. Wazazi wote wana wino, mtoto hana: ni tawala. Wanandoa hao wakipatikana, waliobaki ni wa kuhakikishia tu.

Ukishajua ni fiche, tazama jinsia ya huyo mtoto. Akiwa msichana, jeni hiyo haiko kwenye kromosomu X. Msichana hupokea X moja kwa baba, na baba ana hiyo moja tu. Ingekuwa na jeni hiyo, naye angetiwa wino. Akiwa mvulana, usikimbilie kuandika X, maana jeni yaweza kuwa kwenye X au kwenye kromosomu nyingine. Hapo tafuta mama mwenye wino aliyezaa mwana asiye nao. Huyo anaifuta X moja kwa moja. Baba na mwana wote kuwa na wino hakuthibitishi chochote kuhusu X: mwana hapokei X ya baba, ila huenda mama ni mbebaji, yaani ana jeni hiyo bila kuwa na sifa yenyewe.

Sasa mtego wanaoupenda watunga mitihani. I-1 na I-2 (mtu wa kwanza na wa pili wa kizazi cha kwanza) ni wanandoa wasio na ualbino. Binti yao II-2 anao. Mdogo wake II-3 hana. Kwa msichana huyo II-2 tunajua wazazi wote ni Aa (A ni jeni tawala, a ni fiche ya ualbino). Je, uwezekano wa II-3 kuwa mbebaji ni upi? Wengi huandika 1/2. Aa kwa Aa hutoa AA moja, Aa mbili, aa moja. Lakini II-3 tunamwona, si aa, kwa hiyo fungu hilo litoe. Yamebaki matatu, mawili ni Aa: jibu ni 2/3. Akiolewa na mbebaji, mtoto wao kuwa na ualbino ni 2/3 × 1/4, yaani 1/6. Ile 1/2 ni ya mtoto ambaye bado hajazaliwa, ambaye hatujui lolote juu yake.

Wanaoingia ukooni kwa ndoa wachukulie kuwa si wabebaji pale tu swali linaposema sifa hiyo ni nadra. Kwenye selimundu usithubutu; kwetu wenye AS, yaani wabebaji wa selimundu, ni wengi.

Kwa mazoezi ya X, chora ukoo wa Malkia Victoria wa Uingereza na hemofilia (ugonjwa wa damu kutoganda) katika uzao wake: mwanawe Leopold alikuwa nayo, binti zake Alice na Beatrice walikuwa wabebaji, na kupitia Alice na bintiye Alix ikamfikia Alexei wa Urusi. Wanawake hao wachore bila wino, kisha andika jeni za kila mmoja pembeni.

Na kwenye karatasi ya mtihani taja namba: "I-1 na I-2 hawana, II-2 anayo, kwa hiyo ni fiche." Ukiandika "sifa imeruka kizazi" tu, hujatoa sababu, na alama ziko kwenye sababu. Ukimaliza ule ukoo wenye mistari miwili kati ya wanandoa, yaani ndugu waliooana, nitumie nikusahihishie.

Wako,
Zuhura