Kwako mdogo wangu, uliyenionyesha turubai

Mdogo wangu,

Simu yangu hupokei, na meseji zangu zinabaki tiki moja tangu baada ya Idi. Basi nakuandikia hapa, ambapo najua huwa unapita. Mama hajambo. Mguu umepungua uvimbe.

Ofisini tangazo letu la kazi lina mwezi wa nne sasa. Tunatafuta mtu wa klaudi, wa kusimamia kompyuta tunazokodi kupitia intaneti. Maombi yamekuja kwa fungu, na vyeti vimo. Tunaowaita kwenye usaili nawauliza: umewahi kuamshwa usiku mfumo umelala, ukaanzia wapi? Wanatazama meza. Anayeweza kujibu ana kazi tayari, analipwa na watu wa Ulaya kwa dola au yuro akiwa chumbani kwake Kimara. Kama wewe. Vijana wa kuanza wapo tele, ila waliopikika hawatoshi, na hakuna anayetaka kuwapika. Nayasema haya kama jambo nililoligundua mimi, na wewe uliniambia mwaka 2021.

Arobaini ya baba. Watu wameshaondoka, tumebaki kwenye mkeka na mjomba, wewe unakusanya sahani za pilau. Ukaniletea risiti ya duka uliyoiandika nyuma kwa kalamu ya bluu: 150, mara 2,300, na chini yake 345,000. Ada ya mtihani wa klaudi wa Amazon, ile kampuni ya Marekani inayokodisha kompyuta: dola 150 kwa shilingi. Nikakuuliza huko unakwenda kusomea nini hasa. Ukanyoosha mkono nje.

"Kaka, lile turubai na vile viti tumenunua? Si tumekodi kwa shughuli, kesho mwenyewe anakuja kuchukua? Seva, hizo kompyuta zenu kubwa za ofisini, nazo ndiyo zinakwenda huko."

Ukaongeza kwamba ile huduma yao ya kukodisha kompyuta, EC2 ya mwaka 2006, ilitengenezwa na timu iliyokaa Cape Town, na kwamba mwaka 2020 wamefungua vituo vya data huko huko. Nilidhani umeitunga. Mjomba akauliza, klaudi ndiyo nini? Niliyejibu ni mimi. "Anataka laki tatu na nusu akasomee mawingu." Mjomba akasema basi atuletee mvua, mpunga unakauka. Tulicheka mpaka mama akatoka ndani kuuliza kuna nini.

Hukusema kitu. Uliikunja ile risiti mara mbili, ukaitia mfuko wa shati, ukainama kuchukua sahani iliyokuwa mbele yangu. Mfupa ukadondoka mkekani. Ukauokota.

Hela ilikuwepo, sikufichi. Rambirambi ilibaki. Lakini deni la hospitali nani alilimaliza? Na ile ada ya dada yako? Halafu kumbuka mimi nilikuwa nani wakati ule. Ufunguo wa chumba cha seva ulikuwa mmoja, na ulining'inia kiunoni kwangu. Kiyoyozi nyuzi 18, betri za akiba nazijua kwa sauti. Umeme ukikatika saa nane za usiku bosi ananipigia mimi. Sasa mtu umeajiriwa kulinda viti, anakuja mdogo wako mbele ya mjomba anakwambia viti siku hizi vinakodishwa. Ungecheka na wewe.

Ile meseji ya Mei 2024 nayo najua hujaisahau. Nyaya za EASSy na Seacom zimekatika chini ya bahari, intaneti inasuasua nchi nzima, nami nikakutumia: "Wingu lako liko wapi leo?" Ulinijibu: "Lipo, kaka. Iliyokatika ni njia." Mpaka leo hilo ndilo jibu lako la mwisho refu.

Chumba changu sasa kinawekwa karatasi za chooni na viti vibovu. Mifumo ilihamishiwa klaudi, nami nikaambiwa niisimamie huko huko ilikohamia. Nikawasha mashine moja kubwa ya kukodi, ya majaribio, kuelekea Idi, nikaenda Tanga, nikaisahau. Bili ilikuja kwa dola. Bosi ameishika kwa ncha za vidole ananiuliza hii ni nini, na nilichokiona mimi ni turubai letu limeachwa uwanjani wiki nzima, kodi inahesabu.

Na mtihani wenyewe nimeufanya. Maswali 65, dakika 130, unatakiwa upate 720 kati ya 1,000. Nilipata 691. Nimemwambia shemeji yako tu, na sasa nawaambia watu wote hawa, sijui kwa nini.

Neno langu kwako kama kaka: hicho cheti kinaishi miaka mitatu tu, kihuishe. Usiwaamini sana watu ambao hujawahi kunywa nao chai. Wakipunguza kazi wataanza na aliye mbali. Chukua vijana wawili, wakae karibu nawe, waone mfumo unavyoanguka na unavyonyanyuliwa. Mimi ningefanya hivyo. Ningekufundisha hata wewe, kama ungeniomba tukiwa wawili, si mbele ya mjomba. Ulichagua siku mbaya. Haya, ile hati ya kiwanja mama anayo, si mambo ya kuandika hapa.

Kilichonifanya niandike ni mtoto wa dada. Jumamosi alikuja na karatasi, 150 ile ile, ila kwa shilingi sasa inakaribia laki nne. Shemeji yako alikuwa jikoni, mjomba hayupo. Nilimwambia aje Ijumaa. Nataka kumpa, ila sijui kama aanze na huo, au na ule mdogo wa dola 100. Wewe ndiye unayejua. Namba yangu ni ile ile, na akija Ijumaa kabla hujanijibu nitampa simu aongee na wewe mwenyewe. Yake utapokea.

Kaka yako.