Kisanduku cha Swichi cha Shilingi 55,000: Tunachokulipisha ni Nini Hasa

Mteja wetu mmoja wa Uyole, hapa Mbeya, hivi karibuni alikifungua kwa bisibisi kisanduku tulichomtengenezea cha kuchagulia kati ya king'amuzi, deki na kompyuta, akakuta ndani yake swichi moja, nyaya na matundu ya kuchomekea, akapiga picha na kuituma katika kundi la WhatsApp la mtaani kwao akieleza kuwa ametozwa shilingi 55,000 kwa swichi inayopatikana soko la Mwanjelwa kwa shilingi 3,000. Picha hiyo ilitufikia na sisi. Kwa kuwa si yeye wa kwanza kulalamika hivyo, na wengine hutuuliza jambo hilohilo kwa upole wakati wa kupatana bei, tumeona ni vyema tueleze kwa maandishi kisanduku hiki kinafanya kazi gani na kwa nini hatuwezi kukiuza kwa bei ya swichi.

Tivii nyingi za chogo ambazo bado zinafanya kazi majumbani zina seti moja tu ya matundu ya AV, yaani ya sauti na picha: la njano la picha, jeupe la sauti ya kushoto na jekundu la sauti ya kulia. Zamani seti hiyo ilitosha, kwa sababu matangazo yaliingia kwa antena na deki ikakaa kwenye AV. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Mbeya ikafuata mwaka 2013, king'amuzi kiliingia majumbani na kuichukua nafasi ya deki. Tangu hapo watu wamekuwa wakichomoa na kuchomeka kila wanapotaka kubadili, hadi tundu linalegea na risasi ya kulehemu inayolishikilia kwenye bodi inapasuka, ikawa picha haiji mpaka mtu aushikilie waya kwa mkono. Kulehemu upya tundu hilo ni kazi ndogo, lakini ili kulifikia ni lazima kuifungua tivii ambayo kioo chake huweza kubaki na umeme wa volti maelfu hata baada ya kuchomolewa ukutani, na kazi hiyo haifai kuachiwa kijana wa nyumbani.

Njia ya mkato ambayo wateja huijaribu kabla ya kuja kwetu ni kile kiunganishi cha Y, chenye pini moja upande huu na matundu mawili upande wa pili. Mtu hukinunua kwa bei ya soda chache, akaunganisha king'amuzi na deki kwa pamoja, akaamini kuwa akizima kimoja kingine kitafanya kazi peke yake. Tatizo ni kwamba kifaa kilichozimwa hakijaondoka kwenye waya. Ishara ya picha ya AV imepangwa iwe na ukubwa wa volti 1 ikipokelewa na kifaa kimoja chenye ukinzani wa omu 75. Deki iliyozimwa lakini imeunganishwa huongeza takribani omu 75 nyingine sambamba na tivii, na ile volti 1 hushuka hadi karibu 0.67, yaani theluthi nzima ya picha imepotea njiani. Katika volti hiyo 1, sehemu ya 0.3 si picha bali ni alama zinazoiambia tivii mstari uanzie wapi, na tivii ya zamani ikizikosa alama hizo picha hupinda juu, huteleza au hutetemeka. Vyote viwili vikiwashwa hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa kila kimoja kina mwendo wake, na mtazamaji huona picha ya pili ikipita polepole nyuma ya ile anayoitaka. Sauti nayo hufifia na kukwaruza. Vifaa vingi haviungui papo hapo kwa sababu hiyo, na hapo ndipo watu hudanganyika, kwa maana mtu anayeona picha hafifu huilaumu tivii.

Mwalimu mmoja wa Tukuyu alituletea tivii yake akiwa amekwisha kulipia matengenezo mahali pengine, ambako alibadilishiwa vipuri vya sehemu ya umeme bila picha kupata nafuu. Tuliiwasha mezani kwetu ikawa nzima kabisa. Tulipomwomba alete na nyaya anazotumia nyumbani, kiunganishi cha Y kilikuwa kwenye mfuko huohuo wa rambo, na pini zake zimeshika kutu ya kijani, kama tunavyoziona mara nyingi pini za bei rahisi zinazotoka maeneo ya mvua nyingi ya Rungwe. Tulimtoza gharama ya upimaji tu. Akauliza, "Sasa fundi, mnanitoza kwa kuchomoa waya?" Tulimjibu, "Mwalimu, tumepima tivii, king'amuzi, deki na kila waya, na hakuna tulichokubadilishia." Tunalitaja hili kwa sababu ada ya upimaji nayo ni chanzo cha manung'uniko, ilhali fundi asiyetoza upimaji hulazimika kutafuta kipuri cha kubadilisha ili apate chochote.

Sasa tuje kwenye kisanduku chenyewe. Swichi tunayoitumia ni ya kuzungusha, na kila inapohama huhamisha njia nne kwa pamoja: picha, sauti ya kushoto, sauti ya kulia, na ule wavu wa nje, yaani nyuzi zinazouzunguka waya wa ndani, wa nyaya za kifaa husika. Ni lazima iwe ya aina inayoachia kwanza ndipo ishike nyingine, kwa sababu ipo pia aina inayoshika kabla ya kuachia, ambayo huunganisha vifaa viwili kwa kitambo kila unapobadili. Kwa macho zinafanana, na muuzaji mara nyingi hajui anayo ipi. Sisi hupima kila moja kwa mita kabla ya kuifunga. Mafundi wengine huunganisha wavu wa vifaa vyote kwa pamoja na kuhamisha waya wa ndani tu. Hilo hufanya kazi, na ni rahisi zaidi, lakini king'amuzi chenye dishi nje na sabufa iliyounganishwa na ethi (waya wa kwenda ardhini) vinapokutana kupitia wavu, sauti hupata mngurumo mzito wa umeme wa hezi 50 hata wakati unasikiliza deki. Ndiyo maana matundu ya kuingilia ya kisanduku chetu huwekewa washa (vile viduara) za plastiki yasiguse bati, na bati huunganishwa upande wa kutokea peke yake. Kwa kuwa wavu nao unaachia wakati wa kuhama, tunawaomba wateja wapunguze sauti kabla ya kuzungusha, la sivyo sabufa itapiga kishindo.

Ndani ya bati, kila njia ya picha hupita katika waya wake wa omu 75 wenye wavu hadi kwenye mguu wa swichi, nayo sauti hupita upande mwingine. Anayebana nyaya tupu za kawaida pamoja atausikia mlio unaokwaruza kwenye spika, na ukisikiliza vizuri utaona unazidi pale maandishi meupe yanapotokea kwenye kioo, kwa sababu ni picha yenyewe inayovujia kwenye sauti. Kisanduku cha vifaa vitatu kina matundu 12 na sehemu karibu 40 za kulehemu, zote kwa risasi ya kazi za elektroniki, kamwe si kwa ile tindikali ya kulehemea mabati, ambayo hushika haraka na kupendeza siku ya kwanza, kisha huendelea kuula waya kimyakimya. Baada ya hapo tunapima kila njia katika kila nafasi, tukihakikisha inapita inapotakiwa kupita na haipiti isipotakiwa. Bati, matundu, swichi iliyopimwa, nyaya na kazi ya mikono ya siku nzima ndiyo hiyo 55,000, na faida yetu humo si kubwa kama inavyodhaniwa.

Kuhusu mngurumo tuliotaja, ipo tiba moja ya mtaani ambayo tunaikataa kabisa, nayo ni kukata waya wa ethi kwenye plagi ya sabufa. Mngurumo huweza kuisha kweli, lakini siku transfoma ya ndani itakapovujisha umeme, bati la sabufa litakuwa na umeme wa volti 230 na mtoto ndiye atakayeligusa. Mteja akituletea kifaa kilichokatwa ethi, tunairudisha kwanza kabla ya kazi nyingine yoyote, hata kama hakututuma.

Wapo pia wanaotaka swichi hiihii itumike upande wa spika. Mwenye kibanda umiza mmoja wa Mbalizi alikuwa na amplifaya mbili na jozi moja ya spika, moja kwa ajili ya mpira na nyingine kwa muziki, na kijana wake akaunganisha nyaya hasi zote pamoja na kuhamisha zile chanya kwa swichi ndogo. Katika amplifaya nyingi za siku hizi waya hasi wa spika si ethi, bali nao unasukumwa na saketi yake, kwa hiyo kuuunganisha na wa amplifaya nyingine ni sawa na kuzigonganisha. Moja iliungua kabla mechi haijafika mapumziko, na kuitengeneza kulimgharimu zaidi ya bei ya kisanduku mara kadhaa. Swichi ya spika ni lazima ihamishe nyaya zote nne, na miguu yake iwe minene: wati 100 kwenye spika ya omu 4 ni ampea 5, wakati swichi ndogo za AV hazikuundwa hata kwa ampea 1. Kwa sababu hiyo bei ya kisanduku cha spika ni tofauti, na hatupunguzi.

Kwa wenye tivii bapa na vifaa vya HDMI, hatutengenezi kisanduku cha mkono. Waya huo una pini 19 na hupitisha biti bilioni kadhaa kwa sekunde, na zaidi ya hapo tivii na king'amuzi hukaguana kabla picha haijatoka, kwa hiyo tunauza swichi zilizotengenezwa kiwandani na kuzijaribu mbele ya mteja. Tafadhali angalieni msije mkanunua splita, inayogawa kifaa kimoja kwenda tivii mbili, wakati mlihitaji swichi ya vifaa viwili kwenda tivii moja. Na ule waya wenye HDMI upande mmoja na pini tatu za rangi upande wa pili, usio na kiboksi chochote katikati, hauwezi kubadilisha picha ya dijitali kuwa ya AV. Tumeuona ukirudi dukani mara nyingi mno, na hatuuuzi.

Anayetaka kuagiza kisanduku atutumie kwanza picha ya nyuma ya tivii na ya kila kifaa. Tivii bapa nyingi zina tundu moja dogo la AV la milimita 3.5, na mpangilio wake hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, kiasi kwamba kwa waya usio wake picha hutokea kwenye pini nyekundu na sauti kwenye ya njano. Nyingine zina tundu la kijani linalopokea pia pini ya njano, na picha huwa nyeusi na nyeupe mpaka ubadilishe chaguo kwa rimoti. Tunapokea nusu ya malipo wakati wa kuagiza na nusu baada ya mteja kuja na vifaa vyake na kuvijaribu mezani kwetu. Dhamana ni miezi 6 kwa swichi na matundu. Nyaya za nje huuzwa kwa mita, kwa hiyo pimeni umbali kutoka kilipo king'amuzi hadi kwenye tivii mkiupitisha waya ukutani kama utakavyolala.